Mahali, kwa Herufi L

Tuwan, Kitale
Jumapili, nimetoka kanisani sasa hivi

Baba yangu mpendwa,

Hujambo? Nauliza nikijua hutanijibu leo, lakini nauliza. Mguu wa kushoto bado unakusumbua asubuhi? Yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mvua imefika Bokoli au bado inazunguka Webuye tu? Huku Kitale inanyesha kila alasiri na matope ya Tuwan yameshamaliza viatu vyangu pea mbili. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaiona ukikubali kusoma mpaka mwisho. Nakujua, Baba. Ukiwa na hasira unasoma mstari wa kwanza, unakunja karatasi na kuitia mfukoni mwa koti. Tafadhali hii usiikunje.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Kila nikikupigia unasema "Haro? Haro?" mara mbili, halafu unakata. Miezi minane sasa. Nilikuwa nabaki na simu mkononi nikilia kwa hasira, nikisema huyu mzee anasikia sauti yangu na anakata makusudi. Nisamehe kwa mengine niliyoyasema moyoni, siwezi kuyaandika hapa. Barua hii nimempa Senge, dada yako, aliyekuja huku kununua mitumba. Ameapa ataitia mkononi mwako wewe mwenyewe.

Haraka yangu ni hii. Juzi Ijumaa ndugu yangu Simiyu alinipigia. Alisema mwenye mashine mpya ya kusaga posho kule Naitiri amekuita ukaiendeshe, na umekubali, na utaanza Jumatatu. Si hii ya kesho, ile inayofuata. Halafu akaniambia habari ya pikipiki ya maziwa, jinsi ilivyokukosa kidogo tu pale njia ya kwenda sokoni, na jinsi ulivyomchapa kijana wa watu fimbo ya mgongo ukimwuliza, "Kwa nini hukupiga honi?" Simiyu alikuwa upande wa pili wa barabara. Anasema honi ilipigwa mara nne, Baba. Yeye aliisikia, mama wa nyanya aliisikia, mpaka mbuzi waliondoka barabarani.

Tangu hiyo Ijumaa sijala vizuri. Ngoja nikueleze kazi ninayofanya huku, maana hujawahi kuijua, na yote ninayotaka kukuambia yanatoka kwenye hiyo kazi.

Ninafanya kazi kwenye studio ya kurekodi nyimbo, nyuma ya duka la nafaka. Ni chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Wateja wengi ni kwaya za makanisa, na wakati wa uchaguzi wanasiasa. Mwenye studio anaitwa Zuhura. Ni mwanamke wa makamo, Mwislamu, anakaa karibu na msikiti, na mdomo wake hauna breki. Nilikuja kama karani wa kuandika nani anarekodi lini, lakini siku ya tatu akaninyang'anya daftari. "Karani nitampata popote," aliniambia. "Mimi nataka mtu wa kunisaidia kutengeneza sauti. Keti hapa."

Akaniketisha mbele ya kompyuta. Ndani yake kuna programu inayoitwa sintesaiza. Haina nyuzi, haina ngozi, hakuna mtu anayeipuliza. Unaanza na mlio mmoja mkavu, mbaya hata kuusikiliza, halafu unauchonga mpaka uwe filimbi, kengele, ngoma, chochote. Wa kwanza alionipa unaitwa msumeno, kwa sababu mchoro wake kwenye kioo una meno. Nilimwambia hata sauti yake ni ya msumeno. Akasema basi nimeshafaulu somo la kwanza.

Somo la pili lilikuwa bahasha. Si hii uliyoifungua, Baba. Ni bahasha ya sauti, yaani namna sauti inavyoingia, inavyokaa na inavyoondoka. Kengele inaingia ghafla na kuondoka polepole. Ngoma inaingia ghafla na kuondoka ghafla. Niliposikia hayo nilifikiria jinsi ulivyokuwa ukizima mashine ile ya zamani pale kwetu Bokoli jioni, na ule mvumo ukishuka, ukishuka, mpaka unaisha kabisa, nasi nyumbani tunajua sasa Baba anakuja kula. Sikumwambia Zuhura. Nilirefusha tu ile sehemu ya kuondoka, na machozi yakanitoka mbele ya kompyuta ya watu.

Somo la tatu ndilo lililoniletea balaa. Ni filta. Zuhura alinieleza kwamba sauti yoyote ina sehemu nene chini na sehemu nyembamba juu, na filta ni mlango. Ukiufunga, zile nyembamba zinabaki nje na unasikia nene peke yake, kama watu wanaoongea nyumba ya jirani: unajua ni nani anaongea, hujui anasema nini. Pembeni ya filta kuna kitufe kingine cha kuipa makali. Nilikigeuza mpaka mwisho, na spika zikapiga yowe jembamba la kutoboa kichwa. Kumbe kulikuwa na kwaya ya akina mama waliokuwa wakijitayarisha. Mmoja aliangusha kitabu cha nyimbo, mwingine akasema hapa pana pepo, wakatoka na hawajarudi mpaka leo. Zuhura alikaa kimya siku mbili. Kwa mtu kama yeye, siku mbili ni adhabu kubwa. Nilifunga sanduku langu nikijua nafukuzwa. Siku ya tatu akasema, "Sasa ile yowe yako, itafutie kazi. Tengeneza sauti moja ya kwenu, yenye unajua kabisa. Ukishindwa, tutaongea ingine."

Nilijua maana ya kuongea ingine. Na sauti ninayoijua kabisa ni mashine ya posho.

Nilichukua msumeno nikaushusha chini kabisa. Nikautia mapigo ya injini, tuk tuk tuk, halafu mchanga mchanga juu yake kwa ajili ya mahindi yanayosagwa. Siku nne, Baba. Mara ilikuwa trekta, mara ilikuwa mtu anayekoroma, na Zuhura akipita anacheka, "Huyo mzee anaumwa na kifua?" Siku ya tano ilikaa sawa. Nilifumba macho nikasikia harufu ya unga. Halafu nikaongeza kile kitu nilichotaka tangu mwanzo, beringi inayokufa, ule mlio mwembamba wa chuma kinachosagika kwenye mhimili. Unakumbuka? Nilikuwa na miaka tisa. Foleni ilikuwa imefika barabarani, wewe ukazima mashine katikati ya kazi. Mwenye mashine akakupigia kelele mbele ya watu. Ulimwambia, "Beringi inaria, nyinyi hamsikii?" Hakuna aliyesikia. Walipofungua waliikuta imepasuka, na belti ilikuwa karibu kuruka juu ya wale mama waliokuwa wameegemea pale na madebe yao. Nilienda shule kesho yake nikijidai kama mtoto wa chifu. Basi lile yowe lililofukuza kwaya, nililipunguza, nikalifanya jembamba, nikaliweka mbali ndani ya mvumo. Ni beringi kabisa.

Sasa soma hapa polepole.

Jumanne Zuhura alinifundisha kupitisha sauti ya mtu kwenye filta. Akaniambia niseme chochote kwenye kipaza sauti. Mdomo wangu ukatoa yale maneno ambayo yamekuwa yakizunguka kichwani mwangu miezi minane. Nikasema, "Baba, nimepata mahali Kitale." Nikafunga filta kidogo, nikafunga tena kidogo, nikampa hedifoni asikie kama nimefanya vizuri. Akasikiliza. Akazivua akaniangalia.

"Ati umepata mahari?" akasema. "Hongera! Nani huyo? Si ungeniambia, bana! Nilikuwa nadhani uko singo."

Yeye alicheka. Mimi nilichukua hedifoni nikasikiliza mwenyewe. Maana kwetu Bokoli L na R ni ndugu, mmoja akiondoka mwingine anakaa kwenye kiti chake, na mimi pamoja na shule yote uliyonipeleka bado zinaniteleza nikiwa na haraka. Siku ile nilikuwa na haraka.

Nilikaa chini nikaikumbuka siku ile neno kwa neno. Ulikuwa unapasua kuni, umenipa mgongo. Kwa jirani mashine ya kupukuchua mahindi ilikuwa ikinguruma. Mimi niko nyuma yako na begi. Nikasema kwa sauti, "Baba, nimepata mahali Kitale."

Ukauliza, bila kugeuka, "Mahari? Ya nani?"

Mimi nikadhani unauliza mahali pa nani. Nikakujibu, "Ni Mwislamu mmoja wa Tuwan, anakaa karibu na msikiti. Ni mtu mzuri, ataniweka vizuri."

"Wazee wanajua?"

Nikajiuliza moyoni, wazee na kazi yangu wapi na wapi? Nikasema, "Hawajui. Ni mambo yangu."

"Na wewe umekubari?"

"Nimeshakubali, Baba. Naenda leo."

Uliweka shoka chini. Uliniangalia mara moja tu. Ukasema, "Basi kaa nayo. Na hapa usikanyage." Ukaokota shoka.

Kaa nayo! Miezi minane nimelala na hayo maneno na sikuwahi kujiuliza, nayo nini? Kwetu tunachanganya lugha kila siku, hii inakuwa ile, sikuona chochote. Wewe ulisikia binti yako, ambaye mama yake hayupo tena wa kumsemea, amejiuza peke yake kwa mwanamume wa mjini, bila mjomba, bila shangazi, bila wazee kukaa kwenye kiti hata kimoja, na anakuambia ni mambo yake. Ungeniambia nini kingine? Hata mimi ningeshika shoka. Nami nilisikia baba ananifukuza kwa sababu nimepata kazi. Nilipanda gari nikiwa na hasira kuliko wewe. Hasira hii nimeirithi kwako, usiulize ilikotoka.

Baba, hakuna mahari. Hakuna mwanamume. Huyo mtu mzuri ni Zuhura, ana wajukuu wawili na kisukari. Nimeandika hapa, angalia herufi mwenyewe na miwani yako: MAHALI. Kwa L.

Ningeweza kuishia hapo na kuomba msamaha. Lakini kosa lile la L ni langu nusu tu. Nusu ingine ndiyo inayoninyima usingizi. Mtu mwenye masikio mazima, akiwa hatua tatu kutoka kwangu, angeuliza "umesema nini?" Angesikia begi likiwekwa chini. Nilirudi kwenye kompyuta, nikarekodi maneno mengine kwa sauti yangu, nikaendelea kufunga filta. Kwanza S iliondoka. Halafu F. Halafu T na K. Nikabaki na kitu kinene kinachosema aaa, eee, aaa. Sauti ni yangu, maneno hayapo. Na hapo nikaelewa "Haro? Haro?" yako. Nikaelewa kwa nini tangu mwaka juzi unasema sisi watoto siku hizi tunanong'ona. Kwa nini umeacha kuketi mbele kanisani, unasema mchungaji mpya hatamki vizuri. Kwa nini mama wa jirani anasema umeanza maringo, anakusalimia unapita. Nilimwuliza Zuhura. Hakucheka safari hii. Alisema mjomba wake alifanya kazi ya kupasua mbao hapa Kitale maisha yake yote, na masikio yake hayakufa siku moja. Yalianza kufunga huko juu, kwenye zile nyembamba, na mwenyewe hakujua, kwa sababu zile nene aliendelea kuzisikia vizuri.

Wewe umesimama kando ya injini miaka ishirini na saba bila hata pamba masikioni. Ile injini ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, na nadhani ndiyo iliyokufunga filta.

Najua utasema, "Mimi nasikia vizuri, huyu mtoto anataka kunifanya mzee." Kwa hiyo sitabishana nawe. Nitakuuliza swali la kazi yako.

Senge amebeba kadi ndogo ya kumbukumbu, Simiyu ataitia kwenye redio yake. Ndani kuna mashine mbili za posho, zote nimezitengeneza mimi kwa mikono hii, moja ikiisha unangoja kidogo, ya pili inaanza. Moja ni nzima. Moja beringi yake inakufa. Nataka uniambie ipi ni mgonjwa. Simiyu hajui jibu, nimemficha, kwa hiyo usimwangalie usoni. Senge anajua, kwa sababu alizisikiliza hapa na kwa moja alishtuka akasema, "Zima hiyo kitu, itaua mtu!" Lakini ameapa kufunga mdomo, na nimemwambia akiufungua simchagulii tena mitumba.

Ukinipa jibu sahihi, Baba, nenda Naitiri Jumatatu na baraka zangu, nami nitakuja kusaga mahindi kwako na kupanga foleni kama mtu mwingine yeyote. Lakini ukizisikia zote mbili ni nzima, basi ujue wale mama wa Naitiri wataegemea mashine yako wakiamini sikio lako, kama wale wa zamani walivyoliamini. Sikuombi ujionee huruma wewe. Waonee wao.

Na kama ni hivyo, usimpigie mtu kelele na usiende kujifungia chumbani. Alhamisi kuna kliniki ya masikio hospitalini Bungoma, na jina lako nimeshaliandikisha. Simiyu atakuleta. Zuhura amenipa ruhusa siku nzima, kwa sharti nimletee ndizi za kwetu. Daktari wa huko, niliyempigia simu, aliniambia wakati mwingine ni nta tu imeziba, wanaisafisha mtu anarudi nyumbani akilalamika kelele. Wakati mwingine ni kifaa kidogo cha kuvaa. Kama ni kifaa, utakivaa, na atakayekucheka tutamchapa wote wawili kwa ile fimbo ya pikipiki.

Naogopa, Baba. Nasema wazi. Naogopa utakunja hii barua. Naogopa Jumatatu. Naogopa zaidi kwamba utasikiliza zile mashine mbili, utajua mwenyewe kwamba husikii, na utanyamaza tu na kwenda kazini kwa sababu ya aibu. Usinyamaze. Tumenyamaziana vya kutosha.

Nisalimie Simiyu, na mke wake ambaye najua ndiye anayekupikia ugali mgumu unaoupenda. Umwambie namshukuru. Salamu kwa mwalimu wa kwaya, mwambie sasa najua kengele inavyotengenezwa. Salamu kwa mama wa jirani, na tafadhali ukimwona anafungua mdomo, inua mkono hata kama husikii kitu. Yule kijana wa pikipiki mtafute umwombe radhi. Na Senge umpe chai, amebeba mzigo mzito.

Alhamisi nitafika Bungoma mapema, nitangoja langoni mwa hospitali nikiwa nimevaa ile nguo ya bluu aliyonishonea Mama. Ukishuka usigeuke huku na huku kutafuta sauti yangu. Sitakuita. Sitasema chochote nikiwa nyuma yako tena. Nitatembea mpaka nifike mbele yako, mahali unaponiona uso, ndipo nitakuambia shikamoo.

Ni mimi binti yako,
Nekesa

Jibu liandike nyuma ya karatasi hii, neno moja tu linatosha: ya kwanza, ya pili, au hakuna. Senge anarudi huku Jumatano.